Makucha ya Shaba

Mume wangu alifanya kazi na shaba tangu ujana wake. Aliiyeyusha, akaimimina kwenye kalibu, akaipiga tupa, na jioni aliporudi nyumbani kwetu Kamalondo vidole vyake vilinuka shaba hata baada ya kunawa kwa sabuni. Alijua shaba ni laini. Alilijua hilo kuliko alivyojua siku za kuzaliwa za watoto wake, na ndilo linaloniudhi mpaka leo, nikiwa bibi kizee, kila ninapoukumbuka ule mlima.

Mtu asiyejua unamweleza, mambo yanaisha. Lakini mtu anayejua, na bado anafanya, utamwambia nini?

Mambo yalianzia kwa mhandisi wa karakana yao, Mbelgiji mrefu mwenye mashavu mekundu, ambaye kila likizo alikwenda kupanda milima ya Ulaya. Ilikuwa wakati ule wa Katanga kujitenga, mji bado unaitwa Elisabethville, redio inaimba nchi mpya kutwa nzima na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba inapepea hata juu ya baa. Mhandisi alikuwa anautamani Ruwenzori kwa miaka mingi. Sasa Ruwenzori uko Kongo, na sisi tulikuwa tumeambiwa kwamba hatuko tena Kongo. Basi akageukia Kilimanjaro: angepita Rhodesia kwa gari lake, aingie Tanganyika, afike. Rafiki yake waliyezoea kupanda pamoja alikuwa ameshaogopa vurugu na kurudi kwao na familia yake. Mhandisi akatafuta mtu mwingine wa kufungana naye kamba, akamwona mume wangu, ambaye ndiye aliyepandishwa juu ya bomba la moshi kila lilipohitaji kutengenezwa, na hakuwahi kutetemeka.

Alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia.

"Mama, nitaenda kuona neige," akaniambia, yaani theluji.

"Neige iko na kazi gani na weye?"

"Haina kazi. Nitaiona tu."

Nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare za shule. Nikasimamisha gurudumu kwa mkono, nikamtazama. Alikuwa na furaha ya mtu aliyealikwa harusi ya wakubwa. Sikuwa na moyo wa kumkatalia siku ileile, nikajiambia labda mhandisi atabadili mawazo. Mhandisi hakubadili. Wiki iliyofuata alimletea mume wangu jozi ya viatu virefu vya ngozi nene, soli ngumu usiyoweza kuikunja hata ukiikalia, na hapo ndipo uwanja wetu ulipogeuka bunge.

Kila Jumapili baada ya misa wenzake wa karakana walikuja, wakaviweka viatu juu ya stuli katikati, wakaanza kujadili ni kitu gani kiwekwe chini yake ili mtu asiteleze juu ya theluji. Wanaume wazima. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona theluji, isipokuwa kwenye kadi za Noeli. Hilo halikuwazuia.

Mmoja alitaka misumari yenye vichwa vinene ipigwe soli nzima, kama buti za wachimbaji wa zamani. Mwingine akasema misumari inashika matope, theluji inashikwa na mpira, na akajitolea kukata tairi la baiskeli. Wa tatu, kijana wa kutoka upande wa Lukafu, akasema kwa upole mkubwa kwamba viatu vyenyewe ndivyo kosa.

"Bantu ya kwetu banatembeaka mu matope bila kiatu, na hapana kuanguka. Mukulu anavua, anapanda."

"Neige inakataka vidole," mume wangu akasema.

"Nani anasema?"

"Enjenyeri."

"Yeye alisha kukatwa kidole?"

Mume wangu akakiri kwamba mhandisi alikuwa na vidole vyake vyote, na yule kijana akaketi ameridhika kabisa. Niliwapelekea chai na mikate, nikarudi ndani kabla sijasema neno la kuniharibia Jumapili.

Halafu akaja kapita. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi lao, mtu mnene mwenye sauti nzuri, msimamizi wa kwaya yetu ya parokia, anayependwa na wote. Pale karakana kulikuwa na desturi: mtu akifunga safari, au akioa, au akistaafu, wenzake humtengenezea kitu cha shaba kwa mikono yao. Sisi wenyewe tulipofunga ndoa tulipewa msalaba mdogo, mpaka sasa uko ukutani kwangu. Kwa kawaida kilikuwa kitu cha kuwekwa mezani tu. Safari hii kapita alikuwa ameona kwenye picha za mhandisi vile vitu vya chuma vinavyofungwa chini ya kiatu kwa mikanda, vyenye meno marefu ya kuuma barafu. Mhandisi aliviita krampon. Mimi niliviita makucha, kwa sababu ni makucha.

"Ile milima yote ya dunia, chuma ya Bulaya njo inapandaka," kapita akasema, amesimama kabisa. "Leo itapanda shaba ya kwetu. Shiye banyewe tutaimimina."

Wakapiga makofi. Nami nilikuwa mlangoni na sinia, nikamtazama mume wangu nikingoja acheke. Alipiga makofi pamoja nao.

Makucha yalipokwisha kutengenezwa, siwezi kukataa, yalipendeza. Mekundu, yamesuguliwa mpaka yanang'aa, kila jino limenolewa kama kisu cha mboga. Wakaleta bonge la barafu, lile la kuuzwa kwenye baa kwa kupoza bia, wakalilaza uwanjani juani. Mume wangu akafunga makucha, akapanda juu yake, na meno yakazama kabisa. Wakashangilia. Majirani wakachungulia juu ya ukuta. Bonge lenyewe lilikuwa linatoa maji pande zote, hata kijiko cha mbao kingezama.

"Ile barafu inalala mu jua tangu asubuhi," nikasema. "Ya mulima italala mu jua gani?"

"Mama anaogopa," kapita akasema kwa wema, na wote wakanionea huruma.

Siku iliyofuata mume wangu alikwenda peke yake kwenye lile rundo jeusi la mabaki ya tanuri linaloonekana kutoka kila pembe ya mji, mlima wetu pekee, akapanda hatua chache akiwa na makucha. Hakuniambia. Niliyaona mimi mwenyewe nilipokuwa nafagia chini ya kitanda: meno ya mbele yamelala upande kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Jioni alikaa uani akiyanyoosha kwa nyundo ndogo, jino baada ya jino, na kisha akayasugua tena yang'ae. Nilikaa mbele yake.

"Umeona," nikamwambia.

"Nimeona."

"Na bado?"

"Ku mulima haiko majiwe sana. Iko barafu tu."

Nani alimwambia mlimani hakuna mawe? Nilitaka kumchapa na hiyo nyundo. Usingizi ulinipotea kabisa kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Kila nilipofumba macho nilimwona akishuka upande wa mlima kwa mgongo, viatu juu, na kapita akiongoza kwaya kwenye mazishi. Tena ni nani angenirudishia mwili kutoka Tanganyika, nchi ambayo hatuna ndugu hata wa kusingizia?

Nikaamua kwenda kwa mhandisi. Nilivaa kitambaa changu cha Pasaka, nikaenda kwa miguu mpaka kwake, upande wa Bel-Air, nikiwa nimeyapanga maneno ya ukali njiani. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu: mzungu ana makucha ya chuma cha pua kutoka Ulaya, na mume wangu anamwacha na vitu vya kuchezea, kisha wafungane kamba moja, na anayeteleza awe mweusi. Nilikuwa na hamu ya kumwambia hivyo usoni. Miaka michache nyuma nisingethubutu. Lakini kila mtu alikuwa anathubutu wakati ule.

Akanipokea barazani, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisanduku cha kadibodi. Ndani, juu ya karatasi yenye mafuta, kulikuwa na jozi ya makucha ya chuma cha pua, mapya.

"Hii ni ya bwana yako," akasema kwa Kiswahili chake cha kazini. "Nilimupatia zamani. Alisema hapana."

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena. Kisha kwa subira, kama mtu anayependa jambo lake, akanieleza: jino lazima liwe gumu, kwa sababu kabla ya barafu kuna mawe, na jino lililopinda halishiki kitu, soli lazima isikunjike, ama sivyo mikanda hulegea na makucha yanazunguka pembeni ya kiatu, mkanda usikazwe mpaka kuzuia damu, kwa sababu mguu usio na damu ndio unaoganda, na misumari iliyotoboa soli hupeleka baridi moja kwa moja kwenye vidole. Yote hayo, akasema, mume wangu alikuwa ameshaelezwa.

"Shaba ni souvenir, ya kuweka ku meza," akasema. "Bwana yako anajua."

Hasira niliyokwenda nayo haikupata pa kukaa, ikabidi nirudi nayo nyumbani pamoja na kisanduku. Mume wangu alikuwa anakula. Nikakiweka kando ya sahani yake.

"Eleza," nikasema.

Akafunga mlango kwanza, ingawa ilikuwa bado mchana na joto limejaa chumbani.

"Weye unaona ni krampon," akaniambia. "Beye bataona ni Muluba anakatala shaba ya Katanga."

Hapo nikakaa kitandani. Baba yake alikuwa Muluba aliyeletwa mjini na reli kutoka kaskazini, yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, alibatizwa hapahapa. Lakini kaskazini watu wake walikuwa wamekataa nchi mpya, palikuwa na vita huko, na redio iliwaita waasi kila saa ya habari. Nilikuwa nimeona bombani wanawake fulani wakiacha kuniachia nafasi kwenye foleni. Sikujua kwamba karakanani nako maongezi yalikuwa yanakatika yeye akiingia. Alinisimulia sasa. Mtu alikuwa ameuliza, kwa mzaha, kama shaba inayotoka mikononi mwa Muluba ni shaba ya Katanga au ya Kongo. Wote walicheka, na yeye akacheka. Kisha kapita akaja na wazo la makucha, na mume wangu akaona mlango wa kutokea.

"Nikipanda na shaba yabo," akasema, "hakuna muntu ataniuliza tena."

"Na ukianguka na shaba yabo?"

"Sitaanguka."

Nilikasirika mpaka machozi yakatoka. Nilimkasirikia yeye, na kapita, na redio, na hata yule mhandisi aliyekuwa hajakosa lolote. Nilimwambia kuna njia ya kumridhisha kila mtu bila kufa. Nikachukua kipande cha khaki kilichobaki kwenye sare, nikakishona kuwa mfuko, nikatia makucha ya chuma ndani, nikaufunga mdomo wake kwa mishono midogo ya mkono ili hata gari likirushwa na mashimo ya Rhodesia chuma kisilie. Ukawekwa chini kabisa ya mzigo, chini ya sweta. Ya shaba yakafungwa nje, juu ya mzigo, yaonekane.

"Ukifika ku barafu," nikamwambia, "pale iko weye na enjenyeri tu. Unafungua, unavaa chuma, unashuka, unavua. Nani ataona?"

"D'accord," akasema. Akanishika mkono akakubali. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kulala.

Wakaondoka kutoka mlangoni mwa karakana. Kapita aliimbisha, gari likapiga honi, na makucha mekundu yakayumba nyuma ya kioo mpaka barabara ilipopinda. Siku alizokuwa huko sizisimulii. Nilishona, nilivunja sindano, niligombana na kila mtu aliyekuja kupima nguo.

Alirudi mwembamba, midomo imepasuka, ngozi ya pua imebanduka. Karakana nzima ilimpokea. Makucha yalipita mkono kwa mkono, yamepinda hovyo, mengine hayana ncha kabisa, na mume wangu akasimama katikati akisema kwamba shaba ilishika, ilishika vizuri, mlima wote. Kapita alimkumbatia mbele ya watu. Nilikuwepo. Niliona jinsi mume wangu alivyokunja uso alipobanwa ubavu, nikadhani ni uchovu.

Nyumbani nilifungua mzigo ili nifue. Nikatoa sweta, na chini yake nikaona mfuko wa khaki. Mishono yangu ilikuwa yote mahali pake. Hakuna uzi uliokatwa.

Nilienda nao uani alikokuwa ameketi. Nikamwambia avue shati. Ubavu wote wa kulia, kutoka kwapani hadi kiunoni, ulikuwa umechubuka na kuota gamba jeusi.

"Enjenyeri alikuwa na appareil," akasema kabla sijauliza. "Ya picha. Picha itafika ku kazi. Bangeona miguu."

Alikuwa amemwambia mhandisi kwamba makucha ya chuma yamesahauliwa kwenye kibanda cha chini. Mhandisi alitukana, lakini walikuwa wameshafika mbali, akakubali waendelee wakiwa wamefungana kamba. Mawe ya chini yalilaza meno ya mbele kabla hawajagusa barafu. Na barafu ile, akasema, haikuwa ndugu ya ile ya baa. Ilikuwa kavu, ngumu, ukiipiga inalia. Mhandisi alimchongea vidato vya kukanyagia kwa shoka, naye akapanda akiteleza kila hatua, mikono ikimsaidia miguu. Walipokuwa wanashuka, mguu ulitoka. Alikwenda kwa ubavu, haraka, akiona mawe chini yanakuja, na alikuwa ameshaacha kujitetea wakati kamba ilipokaza. Mhandisi alikuwa amejitupa juu ya shoka lake. Walikaa hivyo muda, mmoja juu, mmoja chini.

"Uliwaza nini?" nikamwuliza.

"Niliwaza nani atakuambia."

Nilichemsha maji na chumvi, nikamwosha, na nilimwosha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilitaka kumwambia kwamba ana watoto, ana mke, ana mapafu mawili tu ya kuvutia pumzi. Lakini nilikuwa pia nimemwona kapita akimkumbatia, na nikajiambia, basi, amelipia, sasa watatuacha. Nadiriki kusema kwamba majuma yale machache yalikuwa mazuri. Alikwenda kazini akipiga mluzi. Makucha yenyewe hayakutundikwa popote; yalirudishwa kwenye tanuri pamoja na shaba nyingine chakavu, kwa maana shaba haitupwi. Mume wangu hakuona ubaya. Kilichotakiwa kilikuwa kimeshapatikana.

Halafu joto la kabla ya mvua likaja, na mambo ya mji yakaharibika. Watu wa asili ya kaskazini na wa Kasai walianza kufukuzwa mitaa kwa mitaa. Kila siku tulisikia nyumba nyingine imebaki tupu, na kwamba watu wanakimbilia uwanja nje ya mji, kulala chini ya maturubai karibu na askari wa kigeni waliokuwa wakiwalinda. Mume wangu alisema sisi haituhusu. Alisema hivyo asubuhi, na adhuhuri kapita akaja.

Hakuketi. Alisimama ndani ya geti, kofia mkononi, akitazama barabara kila mara. Alikuwa amekuja kwa wema, hilo lazima niliseme, kwa maana kuonekana nyumbani kwetu hakukuwa jambo jema tena.

"Mama, mufunge bintu," akasema. "Leo, hapana kesho. Kuko bantu banapita mu nyumba na nyumba kutafuta Baluba."

"Papa kapita, weye unamujua bwana yangu," nikasema. "Unajua ni muntu ya namna gani."

"Miye najua. Lakini si miye njo banauliza."

"Ubaambie juu ya ile shaba. Alifika nayo kule juu. Karibu afe nayo."

Akanitazama. Hakuwa anajifanya, nilimwona akitafuta, uso umekunjamana, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wa jirani. Barabarani mbwa akabweka, akageuka haraka, kisha akanirudia.

"Shaba gani, mama?"

Akavaa kofia, akasema tupite njia ya nyuma, akaondoka. Mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kisha akaniuliza tuanze kufunga godoro au cherehani.